Deni la Umma Husamehewa na Nani?

Msomaji wangu, vijana wa barazani kwetu hunilaumu kwamba kila nizungumzapo habari za Marekani huanza na mahakama badala ya marais. Nami sioni kosa. Rais wa kule husema mengi, lakini mara nyingi neno la mwisho hutoka kwa majaji tisa wa Mahakama ya Juu, ambao raia hawakuwapigia kura. Mwezi wa Juni 2023 majaji hao walitoa hukumu mbili, moja juu ya ramani za uchaguzi na nyingine juu ya madeni ya wanafunzi, na watu wengi walizisoma mbalimbali kama kwamba hazijuani. Mimi naziona ndugu wa tumbo moja.

Tuanze na madeni. Agosti 2022 Rais Joe Biden alitangaza kwamba serikali itawafutia waliokopa fedha za masomo hadi dola 10,000 kila mmoja, na hadi dola 20,000 kwa wale ambao, kwa ufukara wa kwao, walisoma kwa msaada uitwao Pell. Tajiri hakuwamo: apataye dola 125,000 au zaidi kwa mwaka alitengwa. Waliokadiriwa kustahili walikuwa kama milioni 43, na gharama yake ilikisiwa kufika dola bilioni 400. Watu milioni 16 walikwisha kubaliwa maombi yao, wakaketi kungoja.

Sisi watu wa pwani jambo la kusamehe deni si geni kwetu. Tumefunzwa tangu chuoni kwamba mdaiwa aliyefikwa na dhiki apewe muhula mpaka apate, na kumsamehe ni bora zaidi. Na juu ya riba sina haja ya kumkumbusha mtu. Madeni ya kule yamefungwa kwa riba, na wako wengi waliolipa miaka na miaka kisha wakakuta wanadaiwa zaidi ya walichokopa. Hata kufilisika hakuwaokoi kwa wepesi, kwani tangu 1998 mdaiwa hana njia ila kuithibitishia mahakama kwamba dhiki yake imepita kiasi. Basi moyo wangu ulikuwa pamoja na wadaiwa, na uko nao hata leo.

Lakini msamaha ni wa mwenye mali. Msimamizi wa mali ya yatima hawezi kusamehe deni la yatima kisha akasifiwa kwa ukarimu, maana amekarimu kwa kisicho chake. Fedha hizi zilikuwa za hazina ya umma, na mwenyewe ni raia wote, pamoja na yule fundi wa bomba asiyekanyaga mlango wa chuo kikuu. Rais ni wakili tu. Je, wakili huyu alipewa ruhusa?

Serikali ilisema naam, ikaonyesha sheria ya 2003, ya wakati wa vita vya Iraki, iliyompa Waziri wa Elimu uwezo wa kuondoa au kurekebisha masharti ya mikopo wakati wa vita au dharura ya taifa. Na Korona ilikuwa dharura. Majimbo sita yakashtaki. Lililofungua mlango lilikuwa Missouri, lililodai kwamba shirika lake la kukusanya mikopo, MOHELA, litapoteza ada. Shirika lenyewe halikushtaki! Aliyepigwa kanyamaza, analia jirani. Jaji Elena Kagan alilishika jambo hilo akawapinga wenzake kwa maneno makali, wala sioni alivyojibiwa vya kutosha. Hata hivyo, tarehe 30 Juni 2023, sita kwa watatu, mahakama iliuvunja mpango. Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba jambo zito kiasi hicho lataka ruhusa iliyo wazi ya Kongresi.

Hapo mimi nakubaliana naye nusu. Kama mwenye mali ni raia, basi na waulizwe raia kwa vinywa vya wawakilishi wao. Ila nusu ya pili ndiyo inayonikera: wawakilishi hao huchaguliwaje?

Fundi cherehani akitaka kanzu imkae mtu, hupima mwili kwanza ndipo akakata kitambaa. Marekani, katika majimbo mengi, wanasiasa hupewa mkasi wao wenyewe, wakakata watu ili watoshe kanzu. Mchezo huu ni wa zamani. Mwaka 1812 Gavana Elbridge Gerry wa Massachusetts alitia sahihi ramani yenye eneo lililopindapinda hata gazeti moja la Boston likalichora kama mnyama mwenye makucha na mabawa, aina ya mjusi, likampa jina lililounganisha la gavana na la mjusi huyo. Jina limebaki mpaka leo. Kiswahili hakina neno lake. Mimi ningeridhika na "mkato wa hila".

Sasa tazama. Mwaka 2019 raia wa North Carolina na Maryland walipeleka malalamiko ya mkato wa namna hii mbele ya Mahakama ya Juu. Kwa kura tano kwa nne, na mwandishi wa hukumu ni huyo huyo Roberts, waliambiwa kwamba upendeleo wa chama katika ramani si kazi ya mahakama za shirikisho. Mdaiwa akija mahakamani huambiwa aende kwa mbunge wake. Akisema mbunge amejikatia eneo asimhitaji, huambiwa tena si hapa. Aende wapi?

Atasema mjuzi kwamba Seneti haikatiwi ramani. Kweli, lakini hakuna sheria ipitayo bila Baraza la Wawakilishi, na katika uchaguzi wa 2022 chama cha Republican kilipata viti 222 kati ya 435. Ni Baraza hilo lililopiga kura Mei 2023, 218 kwa 203, kuufuta msamaha wa madeni. Seneti ikafuata, Biden akakataa kutia sahihi. Viti vichache tu, na vichache ndivyo mkasi uvitafutavyo.

Kwa haki niseme pia lililonifurahisha. Tarehe 8 Juni 2023, Roberts alikuwa pamoja na wengi, tano kwa nne, katika kesi ya Alabama. Watu weusi huko ni zaidi ya robo ya wakazi, lakini katika maeneo saba walikuwa wengi katika eneo moja tu. Mahakama ilisema yaelekea ramani hiyo imevunja Sheria ya Haki za Kura ya 1965. Wakubwa wa Alabama wakachora nyingine kwa ukaidi, mahakama ya chini ikaikataa, ikachorwa ramani na mtaalamu wa mahakama, na Novemba 2024 Shomari Figures akachaguliwa katika eneo lililotoka Mobile likapita Montgomery hadi mpaka wa Georgia. Basi mlango ulifunguka kwa aliyedhulumiwa kwa rangi, si kwa aliyedhulumiwa kwa chama. Na kule rangi na chama huandamana, hivyo mwenye mkasi hana kazi ngumu kusema alikata kwa chama tu. Agosti 2025 Texas ilikata upya kabla ya wakati, kwa kutaka kwake Rais Donald Trump, viti vitano viongezeke. Novemba wapiga kura wa California wakakubali kukata wao kwa kulipiza. Kwetu, Katiba ya 2010 iliitaja hesabu ya 290 na mkasi ikaupa tume. Nayo yana manung'uniko yake, lakini walau anayekata siye anayevaa.

Ama wadaiwa, Biden alipita vichochoro vya sheria nyingine, na alipoondoka Januari 2025 zaidi ya watu milioni 5 walikuwa wamefutiwa. Wale milioni 16 waliokubaliwa kwa mpango wa kwanza hawakupata kitu kwa mpango ule. Malipo yalirudi Oktoba 2023, na riba ilikwisha tangulia mwezi mmoja kabla.