Mkunga mwenye mdoli hachezi

Ukipita wodi ya wazazi ukamkuta mkunga amemwinamia mdoli, amemfunika pua na mdomo kwa barakoa huku akibinya mfuko wa hewa, usinung'unike kwamba anacheza wakati watu wako kwenye foleni. Anajiandaa kumpokea mwanao.

Mtoto akizaliwa bila kupumua, mkunga ana kama dakika moja tu: amkaushe, amchangamshe na, asipovuta pumzi, aanze kumpumulisha. Mama naye akivuja damu nyingi, hakuna nafasi ya kufungua kitabu. Mikono lazima iwe imeshazoea.

Je, semina moja inatosha? Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, ilitupa jibu. Mwaka 2010 watumishi walifundishwa kwa siku moja. Miezi saba baadaye walimhudumia mdoli vizuri zaidi, lakini utendaji wao kwa watoto halisi haukubadilika. Yalipoanzishwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara, palepale kazini, vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilipungua.

Mpango wa Safer Births ukapeleka mazoezi ya aina hiyo katika vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya akina mama vikipungua kwa takriban asilimia 75, na vya watoto katika saa 24 za kwanza kwa asilimia 40.

Tusimpe mdoli sifa zote. Vituo hivyo vilipata pia vifaa vya kufuatilia mapigo ya moyo wa mtoto na kumpumulisha, na watumishi walitumia takwimu zao wenyewe kujua wapi wanakosea. Mkunga hodari asiye na damu ya kumwongezea mama hawezi kufanya miujiza.

Wewe mzazi ufanye nini? Ukienda kliniki, uliza kwa upole: "Mara ya mwisho mlifanya mazoezi ya kumsaidia mtoto asiyepumua lini?" Cheti kilichotundikwa ukutani hakijibu swali hilo. Mfikishie pia mwakilishi wenu kwenye kamati ya kituo, aulize kama mazoezi yana ratiba na mdoli hajafungiwa kabatini. Na siku ukikuta huduma imesimama dakika chache kwa ajili ya mazoezi, vumilia. Dakika hizo ni zako.