CFA: Herufi tatu, sarafu mbili na mto mmoja

Tarehe 13 Oktoba 2024, CFA ilianza kutumika rasmi. Kwa msikilizaji wa Dakar au Douala sentensi hiyo ni kichekesho, kwani CFA ameikuta tangu azaliwe: ndizo fedha anazonunulia mkate. Kwa msikilizaji wa Entebbe, Mwanza au Bujumbura ilikuwa habari kubwa kuhusu maji, ingawa huenda ilimpita bila kuitambua, kwa sababu ilimfikia ikiwa imefungwa ndani ya herufi tatu. Na kijana anayefanya kazi benki jijini Nairobi, ukimtajia CFA, anawaza mtihani.

Wote watatu wako sahihi. Ya kwanza ni faranga ya CFA, sarafu ya nchi 14 za Afrika Magharibi na Kati. Ya pili ni Mkataba wa Mfumo wa Ushirikiano wa Bonde la Mto Nile, ambao kwa Kiingereza hufupishwa CFA. Ya tatu ni cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa masuala ya fedha na uwekezaji. Zipo CFA nyingine: shirikisho la soka la China hujiita hivyo, na hata idara ya zimamoto ya jimbo la Victoria nchini Australia. Hizo tuziache, hazijamgombanisha mtu na jirani yake. Zile mbili za mwanzo ndizo zinazostahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu katika kila moja herufi zimefunika swali la nani mwenye kauli ya mwisho.

Herufi zilibaki, maneno yakabadilika

Faranga ya CFA ilianzishwa na serikali ya Ufaransa tarehe 26 Desemba 1945, na wakati huo hakuna aliyeficha maana yake. C ilikuwa makoloni, F ya Kifaransa, A ya Afrika: faranga ya Makoloni ya Kifaransa ya Afrika. Siku hiyohiyo ilizaliwa dada yake wa Bahari ya Pasifiki, CFP, kwa ajili ya makoloni ya huko.

Mwaka 1958, neno "makoloni" lilipoanza kuwa aibu, C ikageuzwa kuwa "jumuiya". Uhuru ulipofika, herufi zikahitaji maelezo mapya tena. Leo katika nchi nane za Afrika Magharibi, yaani Benin, Burkina Faso, Côte d'Ivoire, Guinea-Bissau, Mali, Niger, Senegal na Togo, CFA husomwa Jumuiya ya Kifedha ya Afrika. Katika nchi sita za Afrika ya Kati, yaani Cameroon, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Chad, Jamhuri ya Kongo (ile ya Brazzaville), Gabon na Guinea ya Ikweta, husomwa Ushirikiano wa Kifedha katika Afrika ya Kati.

Maana yake ni kwamba tuna sarafu mbili zenye jina moja. Moja inatolewa na benki kuu yenye makao yake Dakar, nyingine na benki kuu ya Yaoundé. Katika mifumo ya kibenki ya kimataifa zina vifupisho tofauti, XOF na XAF. Thamani yake kwa euro ni ileile, faranga 655.957 kwa euro moja, lakini mfanyabiashara anayetoka Abidjan kwenda Douala na noti zake atalazimika kutafuta pa kuzibadilisha kama mgeni mwingine yeyote. Watu wa kawaida, kwa upande wao, walishamaliza ubishi wa maana kitambo: wao husema "sefa" tu, kama neno, bila kuuliza C ni ya nini.

Lakini wapo wanaouliza. Wakosoaji wa sarafu hii husema jina lilibadilishwa mara kadhaa huku mambo ya msingi yakibaki palepale: thamani iliyofungwa kwa sarafu ya Ufaransa na baadaye euro, sehemu ya akiba ya fedha za kigeni kuwekwa kwenye Hazina ya Ufaransa, na noti kuchapwa katika mji wa Chamalières nchini humo. Watetezi wake hujibu kwamba utaratibu huo umezuia mfumuko mkali wa bei, na anayejua yaliyoipata sarafu ya Ghana au ya Nigeria hawezi kuipuuza hoja hiyo. Hata hivyo, Januari 1994 thamani ya faranga ya CFA ilishushwa kwa nusu kwa mpigo mmoja. Hadi siku hiyo faranga 50 za CFA zilitosha kupata faranga moja ya Ufaransa. Kuanzia hapo zikahitajika 100. Mtu aliyelala na akiba ya dawa ya mtoto aliamka ana nusu yake, kama dawa hiyo inatoka nje.

Desemba 2019 kinyume chake kikatokea. Mjini Abidjan, Rais Alassane Ouattara wa Côte d'Ivoire na Emmanuel Macron wa Ufaransa walitangaza kwamba katika Afrika Magharibi herufi zenyewe zitaondoka na sarafu itaitwa Eco. Akiba haitalazimika tena kuwekwa Paris, na wawakilishi wa Ufaransa wataondoka kwenye bodi za benki kuu ya Dakar. Kufungwa kwa thamani kwenye euro kuliachwa kama kulivyo. Eco ilitarajiwa mwaka 2020, kisha ikasogezwa hadi 2027. Mali, Burkina Faso na Niger, ambazo zilijitoa kwenye jumuiya ya ECOWAS Januari 2025, bado zinalipa mishahara kwa CFA. Kutoka kwenye jumuiya ni barua. Kutoka kwenye sarafu ni jambo zito zaidi, na Mali inalijua hilo: iliacha CFA mwaka 1962, ikarudi mwaka 1984.

Lugha moja, vifupisho vitatu

Huku kwetu shida si maana moja kubadilika, bali lugha kugawana vifupisho. Msikilizaji wa Bukavu huita Umoja wa Mataifa ONU, kwa sababu nchi yake inatumia Kifaransa ofisini. Wa Dar es Salaam husema UN, na magazeti mengine huandika UM. Wote wanazungumza Kiswahili. Ugonjwa ambao Tanzania na Kenya unaitwa Ukimwi, kifupisho tulichojitungia wenyewe kutoka "upungufu wa kinga mwilini", ukivuka kwenda Burundi au Kongo unaitwa sida.

Mkataba wa Nile umeangukia kwenye pengo hilohilo. Kwa Kiingereza ni CFA, kwa Kifaransa ni ACC. Afisa wa maji wa Bujumbura na mwenzake wa Kampala wanaweza kuzungumzia karatasi moja kwa herufi tofauti. Kiswahili, lugha inayosikika katika nchi kadhaa za bonde hilo, hakina kifupisho chake, hivyo watangazaji tunaazima CFA, herufi zilezile za pesa za Senegal.

Neno lililobaki kwenye kiambatisho

Ili kuelewa kwa nini jambo hili ni zito, turudi mwaka 1929. Uingereza, kwa niaba ya makoloni na maeneo iliyoyatawala, ilikubaliana na Misri kwamba hakuna ujenzi utakaofanyika kwenye Nile au maziwa yake kwa namna itakayopunguza maji ya Misri bila ridhaa ya Cairo. Mwaka 1959 Misri na Sudan zikagawana maji yenyewe kwa yenyewe: mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka kwa Misri, bilioni 18.5 kwa Sudan. Nchi za juu ya mto hazikutajiwa hata tone.

Tanganyika ilikataa mapema. Mwaka 1962 serikali ya Julius Nyerere ilieleza kwamba haifungwi na ahadi za mkoloni kuhusu Nile. Miaka ya 2000 Tanzania ikachukua hatua kwa vitendo, ikajenga bomba la kupeleka maji ya Ziwa Victoria Kahama na Shinyanga, na Misri haikufurahi. Kwa mama wa Shinyanga aliyekuwa akisubiri ndoo kisimani, hapo ndipo mkataba wa 1929 ulipokuwa na uzito.

CFA ya Nile ilikusudiwa kuchukua nafasi ya mikataba hiyo ya kale. Ilifunguliwa kutiwa saini Entebbe mwezi Mei 2010. Ethiopia, Rwanda, Tanzania na Uganda zilisaini siku ya kwanza, Kenya siku chache baadaye, Burundi mwaka 2011. Ilihitaji kuridhiwa na nchi sita. Ya sita ilikuwa Sudan Kusini, mwaka 2024, na baada ya siku 60 mkataba ukaanza kutumika. Kenya ilisaini ila haikuwamo katika sita hizo. Misri na Sudan ziliukataa na kusema hauzifungi.

Ugomvi wote uko kwenye kifungu cha 14(b). Nchi nyingi zilitaka kiseme kwamba hakuna nchi itakayoathiri kwa kiasi kikubwa usalama wa maji wa nyingine. Misri ilitaka yaongezwe maneno kuhusu matumizi ya sasa na haki zilizopo. Ukisoma haraka tofauti ni ndogo. Ukisoma ukiwa na namba za 1959 mkononi, "matumizi ya sasa na haki" ni zile bilioni 55.5.

Walishindwa kukubaliana, na ndipo herufi F, ile ya "mfumo", ilipofanya kazi yake. Mfumo ni fremu: unaweza kuitundika ukutani kabla ya picha kukamilika. Kifungu hicho kilitolewa kwenye mkataba na kuwekwa kwenye kiambatisho, ili kitatuliwe na Kamisheni ya Bonde la Mto Nile ndani ya miezi sita baada ya kamisheni hiyo kuundwa.

Tangu hapo Ethiopia imezindua bwawa lake kubwa la umeme kwenye Nile ya Bluu, Septemba 2025, bila makubaliano na Cairo. Kwa hiyo siku kamisheni itakapofungua kiambatisho hicho, itakuwa na maneno ya kujadili, bwawa ambalo tayari limejaa, na viti viwili, cha Misri na cha Sudan, ambavyo wenyewe wamesema hawatavikalia.