Haramu Haimo Katika Seli

Ipo imani moja iliyoenea katika wilaya ya Kasese hapa Uganda, kutoka vijiji vya wavuvi wa Ziwa George hadi mpakani Mpondwe, na hapa kwetu Muhokya twaisikia barazani, ndani ya teksi ziendazo Bwera, na hata katika mimbari za watu ambao ujuzi wao wa mambo ya dini siukanushi: kwamba elimu ya seli shina, yaani seli zizaazo seli nyingine za mwili, ni elimu ya kuua viumbe matumboni ili matajiri wa Ulaya na Marekani warefushiwe maisha, kwamba atiaye mkono katika jeni za binadamu anashindana na Muumba, na kwamba mja mwenye kumcha Mungu hana budi kuikimbia. Naiheshimu hofu iliyoizaa imani hiyo, kwa kuwa ni hofu ya watu wanaouthamini uhai wa mtoto ambaye hajazaliwa. Walakini imani yenyewe si ya kweli, na madhara yake huwaangukia watoto waliokwisha kuzaliwa, ambao tunaishi nao, hasa wale wenye maradhi ya selimundu.

Mtu atakaye kuyajua maradhi ya selimundu, kabla hajafungua kitabu, amtazame kwanza mtoto wa miezi minane aliyepakatwa na mama yake katika foleni ya kituo cha afya: viganja na nyayo zimemvimba hata ngozi inang'aa, vidole havikunjiki, na sauti imemkauka kwa kulia usiku kucha. Seli nyekundu za damu yake, ambazo kwa kawaida huwa za mviringo na laini, hujipinda mfano wa mundu zinapopungukiwa na oksijeni, zikakwama katika mishipa myembamba na kuinyima mifupa riziki yake. Na asili ya mateso yote hayo ni badiliko la herufi moja tu katika jeni inayotengeneza hemoglobini. Aliyeirithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja huishi na afya yake, aghalabu bila kujua kwamba anayo. Lakini wakioana wawili walioibeba, kila mimba yao ina hatari ya moja katika nne ya kuzaa mgonjwa. Hesabu hiyo haina uchawi ndani yake, wala laana ya ukoo, wala taksiri ya mama, ingawa ni mama ambaye mara nyingi hubebeshwa lawama na kurudishwa kwao.

Wala si maradhi ya ugenini. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016, ambao ulipima matone ya damu yaliyokaushwa juu ya karatasi kutoka kwa watoto 97,631 wa wilaya zote za Uganda, ulikuta kwamba watoto 13.3 katika kila 100 wameibeba jeni hiyo. Ng'ambo ya milima yetu ya Rwenzori, miongoni mwa Wamba wa Bundibugyo, watafiti Hermann Lehmann na mwenzake Raper walieleza tangu mwaka 1949 kwamba waliokuwa nayo walikaribia 45 katika 100. Na mwaka 1954 Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, akaonyesha kwa damu ya watu wa Afrika ya Mashariki kwa nini jeni yenye madhara namna hiyo haikutoweka, nayo ni kwamba aliyeirithi kwa mzazi mmoja hupata kiasi cha kinga dhidi ya malaria. Kwa hiyo dunia ilijifunza sehemu kubwa ya elimu ya maradhi haya katika damu ya watu wa nchi zetu, na asemaye leo kwamba seli shina ni mambo ya Wazungu yasiyotuhusu, anaisahau sadaka iliyotolewa na babu zake.

Na sasa nije kwenye tiba yenyewe ya maradhi haya kwa seli shina, kwa maana wengi waihukumuo hawajapata kuelezwa jinsi inavyofanywa. Ndani ya uloto wa mifupa ya kila mmoja wetu zimo seli shina za damu, ambazo kazi yake ni kuzaa seli mpya za damu usiku na mchana maadamu mtu yu hai. Mwezi wa Novemba 2023 Uingereza, na tarehe 8 Desemba mwaka huo huo Marekani, ziliidhinisha tiba iitwayo Casgevy kwa wagonjwa wa selimundu wenye umri wa miaka 12 na kuendelea: seli shina za mgonjwa hutolewa katika damu yake mwenyewe, hupelekwa maabara na kurekebishwa kwa ufundi wa kukata jeni ambao Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walipewa kwa ajili yake Tuzo ya Nobel mwaka 2020, kisha mgonjwa hupewa dawa kali ya kuufagia uloto wake wa zamani, na mwisho hurudishiwa seli zake. Katika wagonjwa 31 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha kabla ya idhini ya Marekani, 29 walikaa miezi 12 mfululizo au zaidi bila kupatwa na maumivu yale makali. Victoria Gray wa Mississippi, aliyekuwa wa kwanza kutibiwa hivyo Marekani mwaka 2019, amesimama hadharani mara nyingi akieleza jinsi alivyorudishiwa maisha yake. Namuuliza kwa heshima kila aliyewahi kuiita kazi hii mauaji: ni kiumbe gani aliyeuawa hapo, ikiwa mtoaji wa seli na mpokeaji wake ni mtu yule yule?

Hoja ya kushindana na Muumba nayo nitaijibu kwa jambo ambalo kila mama wa mtoto wa selimundu amelishuhudia, hata kama hakuelezwa sababu yake. Mtoto huyo akizaliwa huwa mzima. Hunyonya, hunenepa, hucheka, na dalili huanza kuonekana baada ya miezi kadhaa. Sababu ni kwamba mtoto huja duniani na hemoglobini ya namna nyingine, ile aliyoitumia tumboni, ambayo haizifanyi seli zijipinde, na mwili huizima kidogo kidogo baada ya kuzaliwa. Wataalamu wa Casgevy hawakubuni hemoglobini mpya. Walikata pale panapoamuru ile ya utotoni izimwe, nayo ikarudi kufanya kazi. Wachoma chokaa wetu wa Muhokya hawaliumbi jiwe, bali kwa moto hukitoa kilichokuwamo ndani yake tangu mwanzo. Na tabibu huyu vivyo hivyo ameiamsha hifadhi ambayo mtoto alizaliwa nayo. Ikiwa huko ni kushindana na Muumba, basi hata kumpa mwenye malaria dawa ni kushindana.

Sitaki kumficha msomaji kwamba katika elimu ya seli shina upo mjadala wa haki kuhusu viinitete, yaani mimba zilizo changa kabisa. Mwaka 1998 James Thomson na wenzake wa Wisconsin walipata seli shina kutoka katika viinitete vya binadamu vya siku chache, ambavyo viliharibika kwa kazi hiyo, na wenye dini na wasio nayo wameshindana tangu hapo kama ni halali au si halali. Lakini mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto alizirudisha seli za ngozi ya panya katika hali ya seli shina, na mwaka 2007 akafanya hivyo kwa seli za binadamu, bila kuhitaji kiinitete chochote, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2012. Baraza la Fiqhi la Makka lilipokutana mwaka 2003 liliruhusu seli shina zipatikanazo kwa njia za halali, kama vile za watu wazima na za kitovu cha mtoto, likakataza zile za mimba iliyotolewa kwa makusudi. Na waraka wa Vatikani wa mwaka 2008, uitwao Dignitas Personae, ambao unapinga vikali kuharibiwa kwa viinitete, unazikubali seli za mtu mzima na za damu ya kitovu. Wanazuoni wa dini zetu walikwisha kupambanua mambo haya zamani, ilhali baadhi ya wahubiri wetu wangali wakiyafunga pamoja katika furushi moja la laana.

Mpaka nao upo, na nchi za dunia zinaujua. Mwaka 2018 He Jiankui wa China alipotangaza kwamba amebadili jeni za viinitete hata wakazaliwa watoto, wataalamu wenziwe walimlaani, kwa sababu badiliko la namna ile hurithiwa na vizazi ambavyo havikuulizwa, na mwaka 2019 mahakama ya nchi yake ikamfunga. Badiliko la seli za damu za mgonjwa aliyeridhia hubaki kwake peke yake. Asiyezitenganisha kazi hizi mbili hawezi kutetea maadili ya watu, kwa maana hajui anachokikataza.

Imani hii ingekuwa maneno ya barazani tu, nisingeiandikia makala. Lakini mzazi aliyetiwa hofu kwamba maabara ni mahali pa kuchezea uumbaji huikataa karatasi ya kupimia damu ya mwanawe, na ajuavyo kila Mswahili, mficha maradhi kifo humuumbua. Mzazi huyo huyo, siku ya soko, huuziwa pakiti za unga ziitwazo seli shina za tofaa au za zabibu, zinazonadiwa kuwa huponya kisukari, kiharusi, saratani na selimundu, naye huzinunua kwa fedha za karo. Seli ya tunda ikimezwa husagwa tumboni sawa na tunda lenyewe, wala haiwezi kugeuka kuwa seli ya damu ya mtu. Watu walionyimwa maelezo ya kweli kuhusu jambo fulani hubaki mawindo ya kila anayelitumia jina lake.

Ukitaka kuijua haramu iliko, itazame bei. Casgevy ilitangazwa Marekani kwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, yaani karibu shilingi za Uganda bilioni 8. Na pamoja na bei hiyo yahitajika hospitali yenye vyumba vilivyotakaswa, na dawa kali ambayo yaweza kumwondolea kijana uwezo wa kuzaa, jambo ambalo kwetu si dogo na yafaa lizungumzwe mbele ya familia kabla ya kutia saini. Hayo ndiyo maswali ya maadili yanayotuhusu: nani atapata, kwa gharama ya nani, na kwa ridhaa iliyotolewa namna gani. Maadamu tunapoteza sauti zetu kuwashutumu wataalamu kwa dhambi ambayo hawakuitenda, hatutabaki na sauti ya kudai haki ambayo kweli tumenyimwa.

Wapo watakaosema kwamba wilaya iliyofurikiwa na mto Nyamwamba mwaka 2020 hata watu wakahamishiwa kambini hapa Muhokya, wilaya ambayo bado inapambana na malaria na upungufu wa damu ya kuwaongezea wagonjwa, haina nafasi ya kuota ndoto za seli shina. Nawajibu kwamba jirani zetu wamekwisha kuanza: katika Tanzania, ambako Profesa Julie Makani wa Muhimbili ameutumia umri wake kuwatafiti na kuwatibu wagonjwa wa selimundu, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza uloto watoto wenye maradhi haya, wakipewa seli shina za ndugu zao wa damu. Tena kabla ya kufika huko, kipo kidonge cha haidroksiurea, ambacho nacho huiamsha ile ile hemoglobini ya utotoni, japo kwa kiasi kidogo na kwa kumezwa kila siku. Utafiti uliofanywa Mbale hapa Uganda, Kilifi, Kinshasa na Luanda, ukachapishwa mwishoni mwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba vipindi vya maumivu makali vilishuka kutoka 98.3 hadi 44.6 kwa kila watoto 100 katika mwaka mmoja, na vifo kutoka 3.6 hadi 1.1. Kidonge hicho hakihitaji chumba kilichotakaswa. Chahitaji mtoto apimwe mapema, dawa ifike bila kukatika, na damu yake ichunguzwe kila baada ya muda.

Basi matakwa yangu ni haya. Kila mtoto azaliwaye Kasese apimwe selimundu kabla mama yake hajaruhusiwa kwenda nyumbani, na aonekanaye mgonjwa asikose haidroksiurea katika kituo cha afya kilicho karibu naye, wala asilazimike kusafiri kwenda Kampala kuitafuta. Vijana wapimwe kabla ya kuposa, na majibu yatumiwe kuwashauri, yasitumiwe kuwafedhehesha. Uganda ina sheria ya mwaka 2023 ya utoaji na upandikizaji wa viungo vya binadamu. Wabunge wetu waulizwe ni lini kutakuwa na hospitali ya nchi hii itakayompandikiza uloto mtoto wa mkulima, na wanapokaa na watengenezaji wa tiba mpya wakumbushwe kwamba elimu hii ilichotwa pia katika damu ya Bundibugyo. Na nyinyi mashehe, mapadre na wachungaji, ambao watu wa hapa huwasikiliza kuliko daktari na kuliko mwandishi wa makala, dhima yenu ni kubwa kupita ya wengine wote: mlipokuwa mkikataza bila kupambanua, watoto walikufa kwa maradhi ambayo yana dawa. Fungueni yale ambayo wanazuoni wenu wenyewe waliyaandika, mwaambie waumini ukweli wake, kisha msimame pamoja nao kuidai dawa hiyo.