Tusilicheke gari la Nyayo

Nimewasikia wanafunzi wangu mara nyingi wakidai kwamba Mwafrika hawezi kuunda gari. Mimi huwajibu kwa kisa cha Wakorea.

Kampuni ya Hyundai ya Korea Kusini ilipotaka kuunda gari lake dogo la saluni, haikuona haya kujifunza kwa wengine. Ilimwajiri Mwingereza, George Turnbull. Umbo likachorwa na Mwitaliano, Giorgetto Giugiaro. Injini ikatoka kwa Mitsubishi ya Japani. Gari hilo, Pony, lilionyeshwa Turin mwaka wa 1974. Mwaka wa 1976 lilianza kuuzwa ng'ambo, si Marekani, bali Ekwado.

Soko la Marekani lilingoja hadi 1986, kwa gari liitwalo Excel. Wanunuzi walilikimbilia kwa bei yake nafuu, kisha wakalalamikia ubora wake. Wakorea hawakufunga kiwanda. Walirekebisha makosa yao, na mwaka wa 1998 wakawatangazia Wamarekani dhamana ya miaka kumi kwa injini na gia.

Nasi tulijaribu. Nyayo Pioneer, gari lililoundwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, lilizinduliwa mwaka wa 1990. Fedha za kuliendeleza zikakosekana, na halikufika sokoni. Kwa maoni yangu, kosa letu halikuwa kujaribu, bali kuachia njiani.

Walimu wenzangu, mtoto anayefunzwa kulicheka gari hilo hatathubutu kuunda lake. Mwanzo wa ngoma ni lele.