Mikono ya Watoto Wakati wa Kipupwe

Ndugu wazazi, kipupwe kimeingia na mafua yanapita chuoni kutoka mtoto hadi mtoto. Kumwamuru mtoto wa miaka minne anawe mikono hakufai kitu, kwani viini vya maradhi havioni. Basi mwonyesheni. Mpakeni mafuta kidogo viganjani, mnyunyizieni mdalasini wa unga, kisha anawe kwa maji matupu. Atastaajabu kuona mdalasini umeganda pale pale. Hapo mpeni sabuni, asugue baina ya vidole na chini ya kucha kwa sekunde 20, akihesabu mwenyewe polepole. Wako wasemao mtoto atawadhaye hahitaji sabuni; udhu una makusudio yake, na mafua yana kinga yake. Na akikohoa, akohoe kiwikoni, si kiganjani.