Kuuliza Mezani: Safari ya Miji ya Japani

Ndugu wasomaji, vijana wetu siku hizi husafiri mbali, na baadhi yao hufika hata Japani. Wengi huishia Tokyo, wakadhani wameiona nchi nzima. Lakini atakaye kuwajua watu wa nchi ile, na apande treni aende miji midogo, akaone wanavyokula na kunywa.

Tuanze na Uji, kusini ya Kyoto, mji wa chai. Huko michai hutiliwa kivuli kabla ya kuchumwa, ili jua lisiipige. Kisha majani hukaushwa, yakasagwa kwa jiwe hata yakawa unga wa kijani. Unga huo hukorogwa katika maji ya moto bila ya sukari wala maziwa. Aliyezoea chai yetu ya tangawizi ataiona chungu, lakini ni kinywaji safi kisicho shaka.

Kisha na avuke daraja kubwa la Seto, lililofunguliwa mwaka 1988, aingie kisiwa cha Shikoku hata mji wa Takamatsu. Huko chakula cha fahari ni udon, yaani tambi nene za unga wa ngano, maji na chumvi, katika mchuzi wa dagaa wakavu. Msomaji atasema: ngano na dagaa, haramu i wapi? Hapo ndipo pa kuangalia. Michuzi ya Japani mara nyingi hutiwa mirin, nayo ni kileo kitamu cha mchele. Kwa wenyeji ni kiungo tu cha jikoni, ukimwuliza mpishi, “Mna pombe humu?” huenda akajibu “Hamna” kwa moyo mweupe. Basi mwulize kwa jina: “Mna mirin? Mna sake?” Naye atakujibu kwa adabu, kwani kumheshimu mgeni ni desturi yao.

Wala Mwislamu si mpweke huko. Katika bandari ya Kobe umesimama msikiti uliofunguliwa mwaka 1935. Mabomu ya mwaka 1945 na zilzala ya mwaka 1995 havikuuangusha, na karibu yake huuzwa nyama halali.

Enyi wazazi, mfungiapo kijana mzigo wa safari, mfundisheni na maneno hayo mawili. Kuuliza si ujinga, wala hakumvunjii mwenyeji heshima. Dunia ya Mungu ni pana. Na tuitembee kwa macho mawili, na ulimi wenye adabu.

Wabillahi tawfiq.