Tusiache Mbacha kwa Msala wa Simu

Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Nina hakika kwamba kila mwalimu wa Kiswahili amewahi kuieleza methali hii darasani mara nyingi. Mbacha ni mkeka mkuukuu. Msala ni mkeka mzuri wa kusalia. Mwanafunzi huiandika maana hiyo daftarini, akatiwa alama ya vyema, na mambo yakaishia hapo. Ni nadra kumpata mwanafunzi, au hata mwalimu wake, aliyewahi kuusuka mkeka wenyewe.

Nayasema haya nikijihesabu miongoni mwa wenye makosa. Mwanangu aliyekuwa Gredi ya 5 alipewa kazi ya mradi: asuke mkeka mdogo kwa malighafi zinazopatikana katika mazingira yake. Sisi wakazi wa Kisumu hatuna udhuru wa kukosa malighafi, kwani mafunjo, ambayo Wajaluo huyaita togo, yamejaa ufuoni pale Dunga na kwingineko. Hata hivyo, siku ya kuwasilisha kazi ilipokaribia, mtoto alikuwa ametazama video kadhaa za ususi katika simu yangu na hajasuka hata mstari mmoja. Mimi, pamoja na shahada zangu zote, sikujua kumsaidia. Nilikwenda soko la Kibuye, nikanunua mkeka, nikalipa kwa simu, nikampiga mtoto picha akiwa ameushika, nikaituma picha hiyo kwa mwalimu. Tathmini ilirudi ikisema: "Kuzidisha matarajio."

Mama aliyeniuzia alikuwa ameniuliza mkeka mdogo vile ulikuwa wa kazi gani. Nilipomweleza, aliangua kicheko. "Basi mwalimu," akaniambia, "mtihani huu nimeufanya mimi."

Kicheko hicho hakijanitoka masikioni hadi leo. Sitaki, hata hivyo, nieleweke vibaya kwamba naipiga vita simu. Tangu huduma ya M-Pesa ianzishwe nchini mwaka 2007, mama muuza omena anaweza kupokea malipo kutoka Nairobi bila kuondoka kibandani pake. Mvuvi huweza kuuliza bei kabla ya kutia nanga, na habari za upepo mkali ziwani humfikia angali ufuoni. Anayewataka watu hawa waitupe simu ili waishi "maisha ya jadi" anawatakia umaskini ambao yeye mwenyewe hangeuvumilia kwa siku moja.

Isitoshe, si simu iliyoanza kuzisukuma kando kazi za mikono. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, ilifungulia njia bidhaa za viwandani. Baadaye sufuria ikaingia jikoni mahali pa chungu, na jerikeni ya plastiki ikauondoa mtungi uliokuwa ukiyapoza maji bila umeme wala gharama. Simu imekuta shughuli hiyo imekwisha kuanza. Dosari yake ni nyingine, nayo ni ya hila zaidi: inatufanya tuamini kwamba kuona ni kuweza.

Hebu tulitazame jambo hili kupitia lugha. Mkono wa msusi una vitenzi vingi: huchambua, hupasua, hulowesha, hukunja, husokota, husuka, hukaza. Mkono wa mfinyanzi nao una vyake. Mkono ulioshika simu una viwili au vitatu tu: hubofya, hutelezesha, hupapasa. Kitenzi kisichotendwa hakikai sana kinywani. Wanafunzi wangu wanaotafiti msamiati wa ususi au wa uvuvi wa mitego hulazimika kuwaendea wazee, kwa kuwa wazazi wao wenyewe hawaujui tena. Hata misemo tunayoitumia kila siku, kama vile kusuka mpango, kuchonga hoja, udongo uwahi ungali maji, samaki mkunje angali mbichi, ilizaliwa mikononi mwa watu waliokuwa wakifanya kazi. Kijaluo kinalitukuza jambo hili zaidi. Kitenzi chweyo hutumiwa kwa mfinyanzi anayeumba chungu, na ndicho hicho hutumiwa kwa Mungu aliyeziumba mbingu na nchi.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuhifadhi. Kweli, tunayo Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, na simu zetu zinaweza kurekodi sauti na picha za kila nyanya aliye hai. Hilo ni jema, nami hulifanya kila mwaka na wanafunzi wangu. Lakini rekodi haiwezi kutambua kwamba funjo hili limekauka kupita kiasi, lahitaji kunyunyiziwa maji kabla halijavunjika. Maarifa ya aina hiyo hukaa katika ncha za vidole, nayo hupita kutoka mkono hadi mkono.

Wengine watauliza: ya nini kujisumbua, ilhali mikeka ya plastiki ni tele na ni rahisi? Nawaomba wakumbuke tarehe 28 Agosti 2017, siku marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza kutekelezwa nchini. Ghafla taifa zima lilihitaji vikapu. Ufuo wetu ulikuwa na mafunjo, na ziwa lilikuwa na gugumaji ambalo limetusumbua tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ambalo mafundi wa hapa Kisumu hulisukia vikapu na viti. Kilichokosekana ni mikono ya kutosha. Pengo hilo kwa sehemu kubwa likazibwa na mifuko mingine ya viwandani. Fursa ilibisha hodi, ikakuta wenyeji wameusahau ufundi wao.

Kwa nini tulikuwa tumeusahau? Walimu wa umri wangu watakumbuka kwamba mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliweka sanaa na kazi za mikono hata katika mtihani wa darasa la nane. Wengi tuliona ni mzigo. Walimu hawakuwa na vifaa, wazazi walinunua vitu sokoni, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yakaondolewa katika mtihani huo. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019 umeyarudisha mambo hayo kwa jina jipya. Nachelea kwamba tunarudia kosa la kale, ila sasa tuna kamera ya kulifichia.

Ninayo mapendekezo machache kwa walimu. Kwanza, kazi ya mikono ifanywe mbele ya mwalimu, hata ikichukua majuma matatu, na atathminiwe mtoto, si picha. Mkeka uliopinda ambao mtoto ameusuka mwenyewe una elimu kuliko ule ulionyooka wa Kibuye. Pili, mafundi waalikwe shuleni, nao walipwe. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na hatuna haki ya kuusifu ufundi wa mtu ambaye hatuko tayari kumlipa. Tatu, simu ipewe kazi inayoiweza: kurekodi majina ya vifaa, kumtafutia fundi wanunuzi, na kupokea malipo yake.

Wanafunzi nao nawakumbusha asili ya neno lenyewe. Simu ni neno tulilolipata kutoka Kiajemi, na maana yake ya awali ni waya. Simu zenu hazina waya, lakini neno limebaki, likapewa kazi mpya. Lugha haitupi kikongwe kwa sababu kijana amezaliwa. Huwaweka wote nyumba moja na kila mmoja akawa na kazi yake. Hakuna linalotuzuia kufanya vivyo hivyo.

Wakati wa likizo iliyofuata nilimpeleka mwanangu kwa nyanyake. Simu zilibaki kabatini mchana, tukazitoa jioni. Siku ya kwanza alikatwa na funjo kidoleni na akalia. Siku ya nne alikuwa na kipande cha mkeka chenye ukubwa wa daftari, kimepinda upande mmoja. Mimi nilimaliza nusu ya hicho. Hakuna aliyetupa alama, wala hatukukipiga picha. Kipo mezani pangu ninapoandika makala haya, na kila nikitazamapo huona mahali hasa mkono wangu ulipokosea.